Wakongwe wa Metali: Bendi Tatu, Tiketi Moja

Machi 2024, kuanzia Glasgow hadi London, mashabiki wa hevi metali nchini Uingereza walinunua tiketi moja wakapata bendi tatu. Uriah Heep walifungua jukwaa, Saxon wakapokea, Judas Priest wakafunga kazi. Mick Box, mpiga gitaa wa Uriah Heep, alikuwa na miaka 76. Biff Byford, mwimbaji wa Saxon, alikuwa na miaka 73, na Rob Halford wa Judas Priest 72. Jumlisha: miaka 221 kwa watu watatu.

Priest na Saxon wanajuana tangu ujana. Agosti 16, 1980 walipiga siku moja katika tamasha la kwanza la Monsters of Rock, Castle Donington. Mwaka huohuo Priest walitoa albamu ya British Steel, na Saxon wakatoa Wheels of Steel. Neno "steel", yaani chuma, halikuwa pambo katika majina hayo. Priest wametoka Birmingham na West Bromwich, eneo la viwanda vya chuma, na mpiga gitaa wao Glenn Tipton aliwahi kuajiriwa na shirika la British Steel lenyewe. Saxon ni watoto wa Barnsley, mji wa migodi ya makaa ya mawe. Migodi ilifungwa, viwanda vingi vikafa, lakini bendi bado ziko kazini.

Kwa nini wakongwe waungane? Kwanza ni fedha. Zamani bendi ilizunguka ili iuze albamu. Sasa muziki unasikilizwa mtandaoni kwa malipo kiduchu, na msanii hutafuta riziki yake jukwaani, kwenye viingilio na fulana. Kuzunguka nako kuna gharama zake: mabasi, malori ya vyombo, mafundi, hoteli. Ukumbi wa maelfu ambao bendi moja ingehangaika kuujaza, bendi tatu huujaza, na shabiki hulipa mara moja.

Pili ni mwili. Hevi metali ni kazi ya suluba, na usiku wa bendi tatu huwapunguzia wanaotangulia muda wa kukaa jukwaani. Hilo si jambo dogo kwa Byford, aliyepata shambulio la moyo mwaka 2019 na kufanyiwa upasuaji. Tipton alitangaza mwaka 2018 kwamba ana Parkinson, ugonjwa wa neva unaotetemesha viungo na kukaza misuli. Andy Sneap, mtayarishaji wa albamu za Priest, akachukua nafasi yake ziarani. Hata hivyo Tipton hakuachwa nyuma. Yumo miongoni mwa watunzi wa Invincible Shield, albamu iliyotoka siku chache kabla ya ziara ile, na tangu augue, afya ikimruhusu, amekuwa akipanda jukwaani mwishoni kupiga nyimbo chache.

Wala maradhi hayachagui umri. Richie Faulkner, aliyezaliwa mwaka uleule wa British Steel, ndiye kijana wa Priest. Septemba 2021, akipiga wimbo wa mwisho kwenye tamasha mjini Louisville, Marekani, mshipa wake mkuu wa damu ulipasuka. Alimaliza wimbo, akakimbizwa hospitali, akapasuliwa moyo kwa saa kadhaa. Alipona na kurudi kwenye gitaa.

Wapo wanaouliza: waanzilishi wakipungua, kinachobaki ni bendi au ni jina? Uriah Heep ilianza mwaka 1969, na wa enzi hizo amebaki Box peke yake. Mwaka 2023 Paul Quinn, mmoja wa waasisi wa Saxon, aliacha kusafiri na bendi, nafasi yake ikashikwa na Brian Tatler wa bendi ya Diamond Head. Swali hilo linawabana zaidi wanaoishi kwa nyimbo za zamani tu. Hawa watatu walipanda jukwaani wakiwa na kazi mpya: Heep walitoa albamu Januari 2023, Saxon Januari 2024, Priest Machi 2024. Bendi inayotunga bado ni bendi.

Lawama inayowastahili wakongwe ni ya kuaga kusikoisha. Bendi ya Scorpions ilitangaza kuaga mwaka 2010, haijaondoka. Ziara ya Priest ya mwaka 2011, Epitaph, ilinadiwa kuwa ya mwisho ya dunia nzima. Mwaka 2025 walikuwa wakizunguka Marekani na mwimbaji Alice Cooper, aliyekuwa na miaka 77. Anayependa kazi yake na aendelee nayo, lakini asimuuzie shabiki kwaheri asiyoikusudia.

Kwaheri ya kweli ilionekana Birmingham. Julai 5, 2025, bendi ya Black Sabbath ilikusanyika uwanja wa Villa Park kwa onyesho lake la mwisho, ikisindikizwa na Metallica, Slayer na wengine waliolelewa na muziki wake. Mwimbaji wake Ozzy Osbourne, naye mgonjwa wa Parkinson, aliimba akiwa ameketi. Julai 22 alifariki, akiwa na miaka 76. Basi kama kuna mkongwe unayempenda na anapita karibu nawe, kata tiketi sasa. Usingoje ziara ya kuaga.