Kila Kitu Isipokuwa Mtutu: Utangulizi

Tarehe 11 Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg ilizidiwa nguvu na meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey, ikaishia kwenye matope ya delta ya Rufiji. Vitabu vingi vya historia huifungia hadithi yake hapo. Kwa msomaji wa kitabu hiki, hapo ndipo inapoanza. Mizinga yake kumi ya milimita 105 iliopolewa majini, ikaburutwa na watu hadi Dar es Salaam, na mafundi wa karakana ya reli wakaiundia vigari vya magurudumu ili mizinga ya melini ipigane nchi kavu. Mmoja ulipelekwa Kigoma ukafungwa kwenye Graf von Götzen, meli ambayo leo tunaiita Liemba. Mingine iliandamana na jeshi la Kijerumani la von Lettow-Vorbeck, ikiharibiwa au kuachwa njiani, na kufikia mwisho wa 1917 yote ilikuwa imekwisha. Leo mmoja unaonekana Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria.

Karakana ile iliweza kila kitu isipokuwa mtutu. Iliweza magurudumu, ekseli, misingi ya kuhimili kishindo. Hata risasi zilizookolewa kutoka meli Rubens, iliyozama ghuba ya Manza karibu na Tanga mwaka huohuo, zilifunguliwa, baruti ikaanikwa, zikafungwa upya. Lakini mtutu ukiharibika, mwingine ulikuwa Ujerumani, ng'ambo ya bahari iliyozibwa na Waingereza. Tofauti hiyo, kati ya kinachoundika karakanani na kisichoundika humo, ndiyo kiini cha somo ninalokukaribisha. Wahandisi huliita somo la metali, wanahistoria huliita historia ya teknolojia, na wanajeshi hawaliiti chochote kwa sababu hawapendi lizungumzwe. Mimi naliona ni somo la mafundi.

Kwa nini mtutu uwe mgumu kiasi hicho, ilhali kwa macho ni bomba tu? Bomba la maji hubeba shinikizo dogo siku zote. Mtutu wa mzinga mkubwa hubeba shinikizo la maelfu ya angahewa kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha hupoa, kisha hubebeshwa tena. Chuma kigumu mno hupasuka, na kilaini mno hutanuka. Kwa hiyo chuma cha pua huchanganywa nikeli, kromiamu na molibdeni, hufuliwa kwa mashinikizo makubwa badala ya kusubiwa tu kwenye kalibu, hupashwa moto na kupozwa kwa kipimo, kisha hutobolewa katikati kwa urefu wa mita kadhaa bila tobo kupinda. Baada ya hapo ukuta wa ndani hutanuliwa makusudi kwa shinikizo, ili tabaka za nje zikirudi zibane za ndani. Mota ni jamaa yake mpole: shinikizo lake ni dogo, ukuta wake mwembamba, na mara nyingi ndani hauna mifuo ya kuzungusha kombora. Ndiyo maana nchi inayojaribu kujitegemea huanza na mota.

Asije mtu akakuambia kwamba chuma kilikuja Afrika Mashariki na meli. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti wao wa Buhaya, wakaonyesha kwamba wafua chuma wa magharibi mwa Ziwa Victoria walikuwa wakipata chuma chenye kaboni, cha jamii ya chuma cha pua, katika matanuri yaliyopulizwa hewa ya moto tangu takriban miaka elfu mbili iliyopita. Ujuzi ulikuwepo. Kilichokosekana ni ukubwa: tanuri la kijiji hutoa chuma cha jembe na mkuki, nao mtutu wa mzinga unadai tani kadhaa za chuma kisicho na dosari, kwa mkupuo mmoja.

Aliyejaribu kuruka pengo hilo kwa nguvu alikuwa Mfalme Tewodros wa Ethiopia. Huko Gafat, karibu na Debre Tabor, aliwakusanya wamisionari waliokuwa pia mafundi, akawaamuru wamsubie mizinga. Hawakuwa wamewahi kusubu mzinga. Majaribio ya mwanzo yalishindikana, lakini walijifunza, na mwishowe ukatoka mota mkubwa alioupa jina Sebastopol, wenye uzito unaokadiriwa kuwa tani saba. Miezi kadhaa ya 1867 na 1868 watu waliuvuta milimani hadi ngome ya Magdala, barabara ikichongwa mbele yake. Jeshi la Waingereza la Jenerali Napier lilipofika Aprili 1868 mota ule haukumfaa mfalme kitu. Wanaouandika hupenda kuucheka. Mimi siucheki: watu wasio na kiwanda walimaliza kazi ya kiwanda, na kiwanda cha silaha cha Ethiopia ya leo kinaitwa Gafat.

Kwetu Tanzania, Shirika la Mzinga la Morogoro limekuwepo tangu miaka ya 1970, na kazi yake inayojulikana zaidi ni risasi. Kenya ina kiwanda cha risasi Eldoret, na mwaka 2021 ilifungua cha bunduki ndogo Ruiru. Kwetu tena, Liganga, Ludewa, kuna chuma chenye vanadiamu na titani, mali inayozungumzwa bungeni kizazi hadi kizazi. Moshi kuna kiwanda cha zana za mashine kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria. Vipande vipo. Havijawahi kukaa kwenye mnyororo mmoja.

Na usidhani walioendelea wamelilinda somo hili. Uingereza, iliyokuwa na Sheffield nzima, iliacha kutengeneza mitutu ya mizinga mikubwa kwa takriban miaka kumi. Oktoba 2024 ilitia saini mkataba na Ujerumani ili kampuni ya Rheinmetall ijenge kiwanda kipya nchini Uingereza kwa chuma cha Sheffield Forgemasters. Mashine zinanunulika kwa fedha. Mfanyakazi anayejua kwa mlio wa ncha ya chuma kwamba tobo linaanza kwenda upande hanunuliki. Huyo hulelewa, na mlezi wake akistaafu bila mwanafunzi, ujuzi unakwenda naye.

Hii ndiyo sababu nawashauri wanafunzi waanzie Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Kwenye makutano ya Barabara ya Morogoro na Bibi Titi Mohamed kuna Taasisi ya Teknolojia, iliyoanza 1957, ambako kukereza chuma hufundishwa kwa michoro na vipimo. Ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja ni Kariakoo, iliyokuwa kambi ya wapagazi wa Waingereza baada ya Septemba 1916. Mbele kidogo ni Gerezani, ambako chuma chakavu hugeuzwa majiko, mageti na vipuri, na kipimo ni jicho la fundi. Pande hizi mbili, taasisi na Gerezani, huonana kila siku na hazisomani.

Sura ya kwanza ni ya Gafat. Ya pili, ya karakana ya reli, ndiyo ndefu kuliko zote, na sina udhuru kwa hilo. Asiyependa hesabu za shinikizo aruke ya tatu, aende moja kwa moja kwenye ya nne, ambako mafundi wa Gerezani wanaeleza kazi yao wenyewe.