Kalibu inayoteleza na kalibu inayoruka: nani anabeba uzito?



Sisi tunaoishi Ghuba, Ulaya na Marekani tunapita kila siku chini ya minara ya zege, na mara nyingi utamsikia mtu akisema "hilo limejengwa kwa slipfomu", kana kwamba kila jengo refu lina njia moja tu ya kupanda. Sivyo. Ziko njia tatu ambazo watu huzichanganya, na tofauti yao si ya majina tu. Ukitaka kuzielewa, uliza swali moja: kalibu inapohama, uzito wake unabebwa na nini?

Kalibu ninayosema ni zile mbao au mabati ya kumwagia zege, ambayo mafundi wengi wa kwetu huita boksi. Nyumbani tumezoea kwamba zege linamwagwa, linaachwa lishike, ndipo boksi linafunguliwa.

Njia ya kwanza ni slipfomu yenyewe, yaani kalibu inayoteleza. Hii haifunguliwi hata kidogo. Ina kimo cha kama mita moja na ushee, na imeuzunguka ukuta wote. Zege linamwagwa juu kwa matabaka membamba, na jeki za haidroliki zinaipandisha pole pole, kwa kawaida sentimita 15 hadi 30 kwa saa. Zege linapotokea upande wa chini lina umri wa saa chache tu, linaweza kujisimamia lenyewe, basi. Halitwishwi jukwaa. Jeki zinapanda juu ya fito za chuma zilizosimamishwa ndani ya ukuta, na uzito unateremka kwa fito hizo mpaka kwenye zege la chini lililokwisha kukomaa.

Faida yake ni kasi, na ukuta usio na viungo. Ndiyo maana hupendwa kwa maghala ya nafaka, mabomba ya moshi na minara. CN Tower ya Toronto, mita 553, iliyokamilika mwaka 1976, ilipandishwa hivyo kwa karibu mita 6 kwa siku, na kalibu ikipunguzwa upana kadiri mnara ulivyopanda.

Lakini slipfomu haimngoji mtu. Kazi ni usiku na mchana, na nondo na nafasi za milango lazima ziwe tayari kabla kalibu haijafika. Jua likizidi, zege linashika mapema, linang'ang'ania kalibu na kuchanika. Baridi ikizidi, linatoka chini likiwa bado bichi. Hapo kasi ya jeki lazima ifuate zege, si ratiba ya mkandarasi.

Njia ya pili ni kalibu inayoruka. Zege linamwagwa kipande kimoja, mara nyingi kimo cha ghorofa moja, linaachwa lishike, kisha kalibu inafunguliwa na kupandishwa kwa winchi au kwa jeki zake yenyewe. Burj Khalifa ya Dubai, mita 828, iliyofunguliwa Januari 2010, ilitumia kalibu za kujipandisha za namna hii, na wakati wa kiangazi zege lilichanganywa na barafu na kumwagwa usiku. Hapa mafundi wanapata nafasi ya kupumua na kusahihisha vipimo. Ila uzito wote umening'inia kwenye boliti zilizozikwa ndani ya zege la jana au juzi.

Na hapo ndipo penye hatari. Tarehe 27 Aprili 1978, huko Willow Island, West Virginia, mnara wa kupozea maji wa kituo cha umeme ulikuwa umefika kama mita 51. Jukwaa lilikuwa limefungwa kwenye zege la siku iliyotangulia, na hali ya hewa ilikuwa ya baridi. Zege lile halijapata nguvu ya kutosha. Lilipasuka, jukwaa likaporomoka pande zote, na watu 51 wakafa. Uchunguzi wa serikali ya Marekani ulionyesha kuwa zege changa lilitwishwa mzigo kabla ya wakati wake.

Njia ya tatu inalala chini: mashine ya barabara, iliyobuniwa Iowa mwishoni mwa miaka ya 1940. Inatembea ikiacha nyuma yake barabara, ukingo au mfereji. Uzito wake unabebwa na ardhi, kwa hiyo suala ni zege lenyewe: liwe kavu kavu, lisimame bila ukuta pembeni.

Kwa hiyo hakuna njia iliyo bora kila mahali. Ukuta wa umbo moja, mrefu, wenye milango michache, slipfomu inafaa. Jengo lenye ghorofa na vyumba vingi, kalibu ya kuruka ni afadhali. Lakini wale wenye vijana wanaofanya kazi kwenye viwanja hivi, wafundisheni kuuliza kabla hawajapanda: zege tunalosimamia limepimwa leo, au tunahesabu siku tu? Kalenda haijui kama usiku kulikuwa na baridi.