Taa ya LED kwa nduthi: jua umeme wa pikipiki yako kabla hujalipa

Kuanzia saa moja jioni, Argwings Kodhek na Ngong Road hujaa nduthi zinazokimbiza oda za chakula na abiria wanaorudi nyumbani. Kilimani ina taa za barabarani, ni kweli. Lakini ukikata kona kuingia vibarabara vya ndani nyuma ya Yaya Centre, miti hufunika mwanga, na shimo lililojaa maji ya mvua unaliona ukiwa tayari ndani. Halojeni iliyokuja na pikipiki inajaribu tu. Ndiyo maana watu wengi wa boda wanataka kuweka LED.

Wazo ni zuri. Halojeni ya kawaida ya pikipiki ni ya wati 35, na sehemu kubwa ya umeme huo inageuka kuwa joto, si mwanga. LED nzuri ya wati 15 hadi 20 inaweza kumulika zaidi ya hiyo. Shida ni kwamba wengi hununua kwa kuangalia rangi ya boksi na namba kubwa iliyoandikwa juu yake, halafu baada ya wiki moja taa inapepesa kama ya disko, na pesa zimeenda.

Swali la kwanza si bei. Ni hili: taa yako ya mbele inapata umeme wapi? Pikipiki nyingi ndogo zinazofanya kazi ya boda hulisha taa ya mbele moja kwa moja kutoka kwa magneto, bila kupitia betri. Umeme huo ni AC, yaani unabadilisha mwelekeo kila wakati, na nguvu yake inapanda na kushuka na mwendo wa injini. Waya wa halojeni haujali, unawaka tu. LED nayo inapitisha umeme upande mmoja pekee. Ukiipa AC na haikutengenezwa kwa AC, itapepesa, itafifia ukiwa kwenye foleni, na ukivuta mafuta kwa nguvu inaweza kuungua.

Kujua ni rahisi, na hulipi mtu. Washa swichi ya funguo bila kuwasha injini, kisha washa taa ya mbele. Ikiwaka, inatumia betri, yaani DC. Isipowaka mpaka injini iwake, na mwanga uongezeke ukivuta mafuta, basi hiyo ni AC. Hapo una njia mbili: tafuta LED iliyoandikwa kwamba inakubali AC na DC, ama fundi wa umeme abadilishe nyaya ili taa ilishwe na betri. Njia ya pili inahitaji fundi anayejua kazi, maana akikosea, betri itakuwa inaisha kila asubuhi. Kwa mtu anayetegemea pikipiki kula, sisi tungeanza na ile ya kwanza. (Wenye pikipiki za umeme, hii haiwahusu, huko hakuna magneto.)

Halafu usidanganywe na wati. Ukiona balbu ya bei ya chini imeandikwa 80W, piga hesabu. Kwa volti 12, wati 35 ni kama ampea 3. Wati 80 za kweli zingevuta karibu ampea 7, na waya na swichi za pikipiki yako hazikutengenezwa kubeba mzigo huo. Kwa hivyo ama namba ni ya uongo, ama nyaya zako ziko hatarini. Hakuna jibu la tatu.

Angalia kitako pia. Balbu aina ya HS1 ina miguu mitatu bapa, na inafanana sana na H4 ya magari. Nyingine zina kitako cha duara cha kusukuma na kuzungusha. Usimwambie muuzaji "nipe ya Boxer" tu. Chomoa ya zamani uende nayo mkononi. Pima pia nafasi iliyo nyuma ya taa, kwa sababu LED nyingi zina feni ama chuma cha kupoza, na kifuniko kinaweza kukataa kufunga.

Rangi nayo ni muhimu. Mwanga mweupe unaoelekea bluu, wa Kelvin 6,000 kwenda juu, unapendeza picha za dukani, lakini kwenye mvua na lami iliyolowa unarudi machoni mwako. Wa karibu 4,300 unafanya kazi vizuri zaidi.

Sasa pesa. Spea nyingi za pikipiki hapa Nairobi zinauzwa Kirinyaga Road, na huko unaweza kufungiwa balbu papo hapo. Elewaneni mapema: inafungwa, injini inawashwa, dimu na fulu zinajaribiwa, ndipo unalipa. Lipa kwa Till ya duka badala ya namba ya simu ya mtu binafsi. Kwa Lipa na M-Pesa, mteja hakatwi ada kwenye Till. Jina likitokea kabla hujathibitisha, lisome. Kama duka lina jina moja na Till ina jina lingine kabisa, uliza. Muuzaji halali hatakasirika.

Kwa muuzaji wa mitandaoni anayesema "boss, tuma deposit nikushikie," jibu ni kulipa mzigo ukifika. Pesa ikitoka kwa simu yako na mpokeaji akaitoa, kuirudisha ni vita. Na ukikosea namba kwenye M-Pesa, tuma ule ujumbe kwa 456 mara moja, usingoje kesho.

Jambo moja wengi hawalifikirii: ujumbe wa malipo unaonyesha ulimlipa nani, lini na kiasi gani. Hausemi ulinunua nini. Kwa hivyo omba risiti yenye aina ya balbu na siku za warranti, na uandike juu yake ile kodi ya muamala. Balbu na kazi ya fundi zilipie mbalimbali. Ikiharibika, hakutakuwa na kubishana ni ya nani.

Kabla ya kurudi kazini usiku, simamisha pikipiki mita 5 hivi kutoka kwa ukuta. Ungekuwa umeweka alama ya tepu mahali mwanga wa dimu wa halojeni uliishia. LED isipande juu ya hapo. Ikipanda, dereva anayekuja mbele yako Lenana Road hakuoni, anaona mwanga tu. Zungusha balbu ili vipande vya LED vitazame kulia na kushoto, kisha shusha taa kwa skrubu yake. Ikikataa kabisa kukaa sawa, irudishe dukani na risiti yako. Halojeni ya zamani ifunge kwa kitambaa uiweke chini ya kiti. Usiku LED ikizima katikati ya safari, hiyo ndiyo itakayokufikisha.