Kioo Cheusi Baada ya Kuhuisha Kompyuta: Mafaili Hayajapotea

Kompyuta ya mezani yenye mfumo wa Linux, kama vile Ubuntu, huweza kuwaka na kubaki na kioo cheusi mara baada ya mfumo kuhuishwa. Iwe ni stesheneri ya Kibaigwa, shule au ofisi ya kikundi cha kuweka na kukopa, hofu ya kwanza huwa ni hesabu za wanachama na matokeo ya wanafunzi. Mara nyingi kilichoshindwa ni kiini kipya cha mfumo kuelewana na kadi ya picha. Mafaili yamo kwenye diski kama yalivyokuwa.

Mtumiaji akague kwanza waya na umeme wa kioo, kisha abonyeze kwa pamoja Ctrl, Alt na F3. Yakitokea maandishi yanayodai jina na nywila, mfumo ungali hai. Awashe upya huku ameshikilia Shift, au akigusa Esc kwa mashine za karibuni, hadi orodha itokee. Katika mstari wa pili wa orodha hiyo achague kiini chenye namba ndogo, yaani kile cha zamani.

Iwapo umeme ulikatika wakati wa kuhuisha, amri ya sudo dpkg --configure -a hukamilisha kazi iliyosalia.

Fundi akishauri diski ifutwe, mwenye kompyuta adai mafaili yanakiliwe kwanza. Ubuntu iliyowekwa kwenye flashi huweza kuwasha mashine hiyo na kuyasoma. Mfumo hupatikana tena bila malipo. Daftari la kikundi likifutwa, halipatikani.