Hisa imepanda, mbona hela imepungua? Kuhusu opsheni na siku zinazoyeyuka

Wadau, kuna kijana wa hapa kwetu Chole (nasema Chole ya Kisarawe, siyo ile ya kisiwani Mafia, maana kila nikiitaja watu wananiuliza habari za popo na papa potwe) alinifuata na simu yake mkononi. Alinunua opsheni ya hisa ya kampuni moja ya Marekani. Hisa yenyewe imepanda, kidogo lakini imepanda. Opsheni yake imeshuka kwa theluthi nzima. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, hawa jamaa wameniibia?"

Nikamwambia hapana, hapo hakuna wizi. Nieleze kwanini, maana vijana wanaoingia huku kwa simu wanazidi na wengi wanaelezwa faida tu.

Tuanze na kitu tunachokijua. Unataka shamba la milioni 5 lakini hela hujakamilisha. Unampa mwenye shamba laki 2 za kishika uchumba, mnaandikiana kwamba kwa miezi 3 hamuuzii mtu mwingine na bei haibadiliki. Ukishindwa kumalizia, laki 2 zimekwenda. Hapo umenunua nini? Shamba bado si lako. Umenunua muda. Ndani ya miezi hiyo ukiibuka uvumi wa lami, shamba linaruka hadi milioni 8 na wewe bado unalo kwa 5. Usipoibuka, unaondoka zako. Opsheni ya hisa ndo hiyo hiyo: haki ya kununua (ipo na ya kuuza) kwa bei mliyokubaliana, mpaka tarehe fulani, bila kulazimika.

Sasa fikiria unataka kumuuzia mtu mwingine ile karatasi yako ya kishika uchumba. Ikiwa na miezi 3 mbele, atakupa kitu. Ikiwa imebaki siku 2 na lami haijasikika, nani ataitaka? Shamba halijapungua hata hatua moja, lakini karatasi imekufa.

Turudi kwa kijana. Tuseme hisa ilikuwa dola 20, akanunua haki ya kuinunua kwa hiyo hiyo 20 ndani ya siku 90. Mkataba mmoja kule Marekani kwa kawaida unabeba hisa 100. Kwa hisa yenye mtikisiko wa wastani, tuseme asilimia 30 kwa mwaka, mkataba huo ungekuwa kama dola 120. Hisa ikibaki palepale kwenye 20, zikibaki siku 60 mkataba ni kama dola 97. Zikibaki 30, dola 69. Zikibaki 10, dola 40. Siku ya mwisho, 13. Halafu sifuri.

Angalieni vizuri hapo. Siku 60 za mwanzo zimekula dola 51. Siku 30 za mwisho zimekula 69! Muda hauli sawasawa, unaanza kwa kudokoa na kumalizia kwa kukomba. Sababu ni kwamba umbali ambao hisa inaweza kuyumba unakwenda na kipeuo cha pili cha muda: muda ukiwa mara 4, bei ya haki inakuwa mara 2 tu. Hii ni kwa opsheni ambayo bei ya mkataba iko karibu na bei ya sokoni. Ile iliyo mbali sana hufa mapema zaidi, siku za mwisho haina hata cha kupoteza. Na Jumamosi na Jumapili soko limefungwa, lakini kalenda haijafungwa.

Ndo maana hisa ya kijana ilipofika dola 20.20 zikiwa zimebaki siku 30, mkataba ulikuwa kama dola 80. Kupanda kwa hisa kulimpa dola 11, muda ukamla 51. Na akingoja mpaka mwisho, hisa ikiwa hapohapo, atapata dola 20 tu kati ya 120 alizotoa. Ili arudishe hela yake siku ya mwisho, hisa lazima ifike 21.20. Kupatia kwamba itapanda hakutoshi, lazima upatie na lini.

Hesabu hizi si za kubuni mtaani. Soko la opsheni la Chicago lilifunguliwa Aprili 1973, na mwaka huo huo Fischer Black na Myron Scholes wakachapisha kanuni ya kukokotoa bei. Scholes na Robert Merton walipata Nobel ya uchumi 1997. Black alikuwa amefariki 1995. Ule ulaji wa kila siku wataalamu wanauita kwa herufi ya Kigiriki, theta.

Hata huku kwetu tumeshaona haki ya namna hii. Mwaka 2012 Kenya Airways, ambayo hisa zake zimeorodheshwa hadi soko la Dar, iliwapa wanahisa haki ya kununua hisa mpya 16 kwa kila 5 walizonazo, kwa shilingi 14 za Kenya. Kampuni ilitaka bilioni 20 na ushee, ikapata kama asilimia 70. Aliyekaa na haki yake bila kulipia wala kuiuza mpaka dirisha likafungwa, ilimfia mkononi.

Kuna watakaosema basi bora uwe muuzaji, ule hizo siku. Sawa, zinaingia kwako kila usiku unapolala. Lakini muuzaji ndiye yule mwenye shamba: lami ikija kweli, anauza kwa milioni 5 huku jirani anachukua 8. Na kama umeuza haki ya hisa ambayo huna, unakwenda kuinunua sokoni kwa bei yoyote utakayoikuta, na bei hiyo haina dari.

Kijana nilimwonyesha hizo namba kwenye karatasi. Ana siku 30 bado. Kuuza leo kwa 80 au kungoja, hilo nimemwachia mwenyewe.