Mvua, Nyumba ya Magurudumu, na Hewa ya Sumu

Katika nchi ya Marekani watu wengi wana motokari kubwa ambayo ni nyumba pia. Ndani yake mna vitanda, meza, jiko la gasi, tangi la maji na choo kidogo. Baba na mama na watoto husafiri nayo mchana, na usiku hulala humo humo. Ni njia njema ya kusafiri. Lakini wakati wa mvua ina hatari moja ambayo macho hayaioni wala pua hainusi. Inafaa tuifahamu, maana hatari hiyo hiyo huingia katika nyumba zetu pia.

Safari ya Astoria

Tuchukue mfano wa safari ya kwenda Astoria. Mji huu uko katika jimbo la Oregon, karibu na mahali mto mkubwa Columbia unapoingia katika Bahari ya Pasifiki. Kutoka mji wa Portland ni kilomita 150 hivi. Wageni hupenda kutazama meli zikipita, na daraja refu la zaidi ya kilomita 6 lililofunguliwa mwaka 1966. Wengine huenda wakati wa Sikukuu ya Shukrani, inayoangukia Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba, kwa kuwa siku hiyo shule zimefungwa na kazi nyingi zimesimama.

Lakini Novemba ni mwezi wa mvua nyingi huko. Kwa mwaka mzima Astoria hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,600. Zamani wasafiri waliotumwa na serikali, Lewis na Clark pamoja na watu wao, walikaa karibu na mahali hapo siku 106, tangu Desemba 1805 mpaka Machi 1806. Katika siku hizo zote, siku 12 tu zilipita bila mvua. Tena ni mvua ya baridi, yenye upepo wa bahari.

Basi fikirini jamaa moja imefika huko jioni, nguo zimelowa, watoto wanatetemeka. Wanafunga madirisha yote na tundu la juu. Mmoja anawasha jiko la gasi na kuliacha liwake ili nyumba ipate joto. Mwingine alikuwa nje akichoma nyama juu ya makala. Mvua inapozidi, analibeba jiko lake na kuliingiza ndani. Wa tatu anawasha jenereta chini ya dirisha, mahali pasipo na mvua. Kila mmoja ana nia njema. Lakini nyumba yenyewe ni ndogo, na hewa yake inaharibika upesi.

Sumu hii ni nini?

Moto unahitaji hewa kama sisi tunavyoihitaji. Hewa isipotosha, moto hutoa gasi iitwayo kaboni monoksidi. Makala huitoa kwa wingi, hata wakati hayana moshi wala ndimi za moto. Mashine ya petroli pia huitoa. Gasi hii haina rangi, haina harufu, haina ladha. Moshi ukichoma macho, mtu hukimbia. Gasi hii haimwonyi mtu.

Katika damu yetu mna chembe nyekundu. Kazi yao ni kuchukua oksijeni katika mapafu na kuipeleka mwilini mwote, kama wachukuzi wanaobeba chakula toka sokoni. Katika miaka ya 1850 mtaalamu Mfaransa Claude Bernard alionyesha kwamba gasi hii hushikamana na chembe hizo na kuzuia kazi yao. Nguvu yake ya kushikamana na damu inapita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Basi wachukuzi wanajazwa mzigo mbaya, na ubongo na moyo vinakosa chakula chao.

Dalili zake

Kichwa kinauma. Mtu anaona kizunguzungu, analegea, anasikia kutapika, na akili yake inachanganyika. Ni rahisi kudhani ni malaria, au uchovu wa safari. Angalieni alama mbili: watu kadhaa wa nyumba moja wanaugua saa ile ile, tena wakitoka nje wanapata nafuu. Mtu aliyelala usingizi anaweza kufa bila kuamka. Watoto wadogo, wazee, wenye ugonjwa wa moyo, na mtoto aliye tumboni mwa mama hudhurika zaidi. Katika Marekani peke yake gasi hii huua watu zaidi ya 400 kila mwaka, bila kuhesabu wanaokufa nyumba zinapoungua.

Wasafiri wafanye nini?

1. Jiko la gasi ni la kupikia. Wasilitumie kupasha nyumba joto. Wakati wa kupika wafungue dirisha na tundu la juu, hata mvua ikinyesha.

2. Jiko la makala lisiingizwe ndani kamwe, hata kama moto unaonekana umekufa. Makala yaliyofunikwa na majivu meupe bado yanatoa sumu.

3. Jenereta ya kubebwa ikae mita 6 au zaidi kutoka madirisha na milango, na bomba la moshi lielekezwe mbali na watu. Kufungua dirisha hakutoshi kuondoa sumu yake.

4. Kuna chombo kidogo cha kengele kinachotambua gasi hii. Kipimwe kabla ya safari. Kikilia, wote watoke nje mara moja.

5. Baridi ishindwe kwa nguo kavu, mablanketi, na chai ya moto.

Mtu akipatwa na sumu

Mtoeni nje upesi, hata katika mvua. Mvua itamlowesha tu, lakini hewa ile itamwua. Kisha mpelekeni hospitali, na kumwambia mganga kwamba kulikuwa na moto ndani. Katika hewa ya kawaida, nusu ya sumu hutoka katika damu kwa muda wa saa 4 au 5. Akipewa oksijeni safi, nusu hiyo hutoka kwa saa 1 na nusu hivi. Kwa hiyo asikae nyumbani kwa kusema, "Sasa nimepona."

Na sisi je?

Wachache kati yetu watafika Astoria. Lakini mbabula tunayo. Katika milima ya Kivu, usiku wa mvua una baridi kali. Wengine huingiza mbabula chumbani, pengine kwa ajili ya mama aliyejifungua na mtoto wake mchanga, halafu wanafunga mlango na dirisha. Wanampenda mtoto, nao wanamweka katika hatari ile ile ya nyumba ya magurudumu.

Pikeni mahali penye hewa. Mkimaliza, iacheni mbabula barazani, mbali na mlango, na zimeni makala kwa maji au mchanga. Mtoto mchanga apashwe joto kifuani pa mama yake, ndani ya blanketi moja. Na kila usiku wa mvua, kabla ya kufunga mlango, mkubwa wa nyumba aulize: Mbabula iko wapi?