Majivu Yetu Kwenye Tambi za Wajapani

Mgeni mmoja aliwahi kuchungulia jikoni kwetu Mayoni, magharibi mwa Kenya, akatuona tukitia maji ya rangi ya strungi kwenye chungu cha mboga ya mrenda. Alipoambiwa yanatokana na majivu, akaangua kicheko. “Kumbe nyinyi Waluhya mnakula majivu!” Sikumjibu. Alikula mrenda ule mpaka akafuta sahani kwa tonge la mwisho, lakini hadithi aliyorudi nayo kwao ilikuwa ya majivu.

Maji hayo tunayaita musherekha, na wengine husema munyu, yaani chumvi. Kuyatengeneza kunataka subira. Maharagwe yakishapurwa mwezi wa Julai, makapi na mashina hayatupwi. Huanikwa mpaka yavunjike ukiyashika, kisha huchomwa mahali palipofagiwa, bila karatasi za plastiki wala takataka nyingine, mpaka yawe majivu meupe. Kukhu, nyanya yangu, alikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia aliotoboa matundu chini kwa msumari. Alitandika nyasi kavu ndani, akaweka majivu, akayashindilia kwa kiganja, ndipo akamwagia maji kidogo kidogo. Ukimwaga kwa pupa, alisema, maji yanapita yakiwa yamesalimia tu. Yaliyodondoka kwenye sufuria aliyaonja kwa ncha ya kidole. Yasipouma ulimi, aliyarudisha juu yapite tena.

Chupa moja ilitutosha wiki kadhaa. Kijiko kimoja kwenye mrenda au kunde kilitosha: majani magumu yalilainika upesi, rangi ikabaki ya kijani, na mrenda ukavutika unavyopaswa kuvutika. Kikizidi, mboga huwa chungu hailiki. Wataalamu wa lishe husema magadi ya namna hii hupunguza vitamini kwenye mboga, nami siwabishii. Ndiyo maana Kukhu alipima kwa kijiko, tena kisichojaa.



Desemba iliyopita, binti wa kaka yangu, ambaye ni mpishi Nairobi, alikuja likizo na kifurushi cha unga mweupe chenye maandishi ya Kijapani. “Senje,” yaani shangazi, akaniambia, “leo nakupikia tambi zisizo na mchuzi.” Nilinuna. Kwetu mgeni hupewa ugali na mchuzi. Ugali mkavu ni wa siku ya ugomvi. Akanieleza kwamba chakula chenyewe kinaitwa abura soba, yaani tambi za mafuta, kwamba kilianza Tokyo miaka ya 1950, na kwamba mjini Nagoya mwaka 2008 ilizuka aina nyingine yenye nyama ya kusaga na unga wa samaki mkavu. Sosi hukaa chini ya bakuli, tambi juu yake, na mlaji huchanganya mwenyewe. “Si kavu, Senje. Mchuzi umejificha.”

Na ule unga mweupe? Unaitwa kansui. Ni magadi yanayotiwa kwenye unga wa ngano ili tambi ziwe za manjano, zivutike menoni, zisivurugike kwenye maji ya moto. Ndani yake mna kaboneti ya sodiamu na kaboneti ya potasiamu. Aliposema potasiamu, niliinuka nikaenda kabatini nikaleta chupa yangu. Maana majivu ya mimea ukiyachuja hutoa hiyo hiyo kaboneti ya potasiamu. Huko Okinawa, Wajapani wenyewe walikuwa wakikanda tambi kwa maji ya majivu ya kuni, na wapo wanaofanya hivyo mpaka leo.

Kifurushi tukakiweka kando. Tulichukua gramu 400 za unga wa ngano, tukaukanda kwa gramu 150 za maji yaliyochanganywa na vijiko viwili vya musherekha. Donge lilikuwa gumu kuliko la chapati, na tulipokuwa tukikanda likaanza kugeuka manjano mikononi mwetu. Tukalipumzisha, tukalisukuma, tukakata nyuzi kwa kisu, tukazichemsha dakika mbili. Chini ya bakuli tulitia sosi ya soya, siki na mafuta ya simsim. Mahali pa samaki wa Wajapani tuliweka omena waliokaangwa kavu wakatwangwa, na juu majani ya vitunguu. Kiini kibichi cha yai nilikikataa waziwazi, changu kilikaangwa.

Wajapani humalizia kwa wali kidogo, wautumie kukomba sosi iliyobaki. Mimi nilimalizia kwa tonge la ugali, na hapakuwa na tofauti niliyoiona.

Kilichonichoma ni kingine. Binti huyu, alipokuwa shule ya bweni, aliniomba nisimletee mrenda siku ya wazazi, kwa sababu wenzake walisema unanuka majivu. Kansui aliinunua dukani kwa pesa zake, na sijasikia aliyeicheka. Si kwamba sisi Wawanga, mojawapo ya jamii za Waluhya, tunaogopa cha mgeni. Misafara kutoka pwani ilifika kwa Nabongo, mfalme wetu, karne ya 19, Uislamu ukashika mizizi Mumias, na leo pilau ya Idi ni yetu kama ulivyo mrenda. Tulipokea vya watu bila kuuliza vimechujwa wapi. Lakini chetu tulikionea haya, tukakificha nyuma ya kabati.

Na kukitengeneza upya si rahisi. Miwa ilipoingia shamba la baba, kipande cha maharagwe kilipungua mwaka hadi mwaka, na makapi yakapungua nacho. Mkebe wa Kukhu umeliwa na kutu, nimetoboa mwingine. Binti ameondoka na nusu ya chupa yangu kwenda nayo Nairobi, na kansui yake ameiacha hapa bila kuifungua.

Mimi nimebaki na vijiko vichache. Wewe uliye karibu na soko la Mayoni, ukipura maharagwe Julai, usiyachome makapi kando ya barabara. Niwekee gunia moja, nitakuja kulichukua mwenyewe.